Dada Maelezo, Mweka Hazina wa Gari la Wagonjwa

Ndugu, jamaa, majirani, wahasibu wenzake, na nyinyi wenzake wa kwenye mashine ya kusafishia damu: marehemu aliacha agizo kuhusu wasifu huu. Alisema uandikwe na mdogo wake, kitindamimba, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "huyo hajui kupamba." Alisema usiwekwe sifa isiyo na ushahidi, na usomwe kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, kwa kuwa hakuna kitu alichokichukia kama taarifa inayosomwa kwa kunong'ona. Kitindamimba amejitahidi. Pale sauti itakapokwama mtamvumilia, maana marehemu ndiye aliyemlea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1960, mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa karani wa stoo ya reli na mkewe, mshonaji nguo. Alizaliwa kabla ya siku zake, katika chumba cha cherehani, mama akiwa bado amechomeka pini za kushonea kwenye blauzi. Baba alipofika kutoka kazini alikuta mambo yamekwisha. Mama alizoea kusema, "Huyu sikumzaa, alitoka kwa haraka zake." Na kweli, miaka sitini na mitatu aliyoishi hatukumwona akiegemea kiti. Alikaa ukingoni, mguu mmoja mbele, utadhani anasubiri kuitwa dirishani. Ukimkaribisha chai, ukigeuka tu ameshaosha kikombe chake na anakiangalia chako kwa jicho la kukuharakisha.

Jina la Maelezo alilipata akiwa na miaka saba. Baba alikuwa na mtindo kule stoo, kwamba hakuna msumari unaotoka bila maelezo, na neno hilo alirudi nalo nyumbani kila jioni. Siku moja mama alimtuma Kaka Mkubwa dukani kununua uzi, na chenji ikarudi pungufu. Mama hakuona. Huyu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza, "Maelezo?" Kaka alikuwa amenunua pipi, na nusu ya pipi zile zilikuwa mdomoni mwa huyu huyu anayeuliza. Mama alicheka hadi akaketi chini. Tangu siku hiyo hata walimu walimwita Maelezo, na kitindamimba, aliyezaliwa nyuma yake, akamwita Dada Maelezo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kuanzia 1967 hadi 1973, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, alikomaliza mwaka 1979. Kule bweni alifukuzwa kwa wiki mbili kwa kumwuliza mwalimu mkuu, mbele ya wazazi, michango ya paa la bwalo ilikwenda wapi wakati mvua inawanyeshea sahanini. Aliporudi, paa lilikuwa limeezekwa. Alijiunga na chuo cha biashara mwaka 1980, akatoka na stashahada ya uhasibu mwaka 1983. Mtihani wa mwisho wa wakaguzi wa hesabu aliufaulu mwaka 1988, mara ya tatu. Ile mara ya kwanza na ya pili alifeli, na aliagiza itajwe hapa. Imetajwa.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi saa, ambaye yuko nasi hapa mbele. Duka lake lilikuwa dirisha tu, lililobanwa kati ya duka la dawa na duka la viatu. Marehemu alimpelekea saa yake ya mkono akilalamika kwamba inakimbia. Fundi akaifungua, akaitazama kwa lenzi yake, akaifunga. "Saa haina kasoro," alimwambia. "Ni mkono ndio unaoikimbiza." Marehemu akanuna, akalipa, akaondoka, na kesho yake akarudi na saa ya ukutani. Ndoa yao ilijaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni muuguzi na kijana ambaye ni mpima ardhi. Shemeji yetu ni mtu mpole. Aliwahi kutuambia kuwa nyumbani kwao kazi ziligawanywa vizuri: yeye alitulia kwa niaba ya watu wawili.

Kazi aliianza mwaka 1984 katika ofisi ya wakaguzi wa hesabu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi, ambako madirisha hayakufunguka na kila hati ilinukia rangi ya mafuta. Alikagua makampuni makubwa, na hakuyapenda. Alichokipenda kilikuja Jumamosi, bila malipo: mashirika madogo madogo ya hisani, nyumba ya wazee, maktaba ya mtaani, kikundi cha kununulia watoto miwani. Walipanda ngazi na risiti zao kwenye mifuko ya plastiki, nyingine zimelowa, nyingine zimeandikwa nyuma ya pakiti ya majani ya chai. Hakuwacheka. Aliwakalisha, akawafundisha kuandika taarifa ya fedha ya mwaka inayoeleweka. Nao aliwarudia jambo moja mpaka wakalichoka: "Pesa ya hisani ni pesa ya mtu asiyeweza kukuuliza. Basi jiulize mwenyewe, tena kwa sauti." Kwa hiyo kila shirika aliloligusa lilisoma hesabu zake hadharani, mbele ya wale wale wanaosaidiwa. Wazee wa nyumba ya wazee walisomewa bei ya godoro walilolalia. Wengine walisinzia, lakini walisomewa.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya ndugu walitaka tuparuke. Hatuparuki.

Mwaka 2004, baada ya baba yetu kufariki kwa ugonjwa wa figo, Kaka Mkubwa, ambaye ni fundi makanika, alinunua gari bovu la abiria kumi na wanne, akalifufua, akaanza kuwapeleka hospitali wagonjwa wa kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, bure. Baba alikosa kwenda mara kadhaa kwa sababu tu ya usafiri, na Kaka hakuweza kulisahau jambo hilo. Watu waliliita Shirika la Gari, na jina likaandikishwa hivyo hivyo kwa msajili. Ofisi yake ilikuwa kibanda kando ya maegesho ya hospitali, ukubwa wa kitanda na nusu. Kaka akawa mkurugenzi, na marehemu akawa mweka hazina wa kujitolea. Walipendana hao, jamani. Waligombana kila Ijumaa kuhusu risiti za mafuta, na kila Ijumaa waliondoka pamoja.

Mwaka 2011 mfadhili mmoja alitoa pesa za kununua gari la pili, kwa masharti: ni za gari, si za kitu kingine. Mwaka huo huo mfadhili mwingine, aliyekuwa akilipia mafuta na mshahara wa dereva, alichelewesha mchango wake miezi mingi. Kaka hakutaka gari lisimame. Mwisho wa mwaka marehemu alifunga hesabu pale kibandani, akaweka kalamu chini.

"Kaka, pesa ya gari la pili iko pungufu."

"Haiko pungufu. Nimeazima."

"Umeazima kwa nani?"

"Kwa shirika."

"Ukampa nani?"

"Shirika." Kaka akacheka. "Mdogo wangu, mfuko wa kushoto umekopesha wa kulia. Suruali ni moja."

"Hii si suruali, Kaka. Aliyetoa ya gari alitoa ya gari. Hakutoa ya mafuta."

"Na wagonjwa je? Ningewaambia wavumilie, mwenye mafuta anakuja?"

Tusimung'unye maneno: katika hilo marehemu alikuwa sahihi. Pesa iliyotolewa kwa masharti huonyeshwa peke yake, na ikitumika vingine husemwa wazi. Huo ndio utaratibu, na Kaka mwenyewe hakuupinga. Alichouliza kilikuwa kingine. Mwaka ule mzima hakuchukua mshahara wake wa ukurugenzi hata mara moja. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, lakini aliuacha wote uende kwenye mafuta kabla hajagusa pesa ya gari. Siku za mapumziko ya dereva aliendesha yeye.

"Na huo mwaka niliofanya kazi bure," alimwuliza, "umeuandika wapi?"

"Hauna risiti."

"Utakuwaje na risiti na sikulipwa?"

"Ndiyo hivyo. Ambacho hakikulipwa hakiandikwi. Fomu ya msajili haina mahali pake."

"Basi weka maelezo pembeni. Wewe si ndiye mwenye jina hilo?"

Marehemu akatikisa kichwa. "Nikiweka maelezo ya kukutetea, watasema nimekufunika kwa sababu ni kaka yangu. Watasema kwangu damu ni nzito kuliko hesabu."

Hakuweka. Mhasibu mwingine asiye ndugu yake pengine angeweka mstari mmoja, akaenda zake. Yeye, kwa kuogopa upendeleo, alimnyima ndugu yake haki ambayo angempa mtu baki.

Taarifa ilisomwa Machi 2012 katika uwanja wa hospitali, wagonjwa wakiwa wameketi kwenye mabenchi ya zege. Ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Alipomaliza, mgonjwa mmoja, fundi mwashi mstaafu mwenye miguu mirefu na mdomo usio na breki, alinyoosha mkono.

"Mama, tueleze kwa lugha ya sisi watu wa saruji. Mkurugenzi kala, au hakula?"

"Taarifa inasema fedha zilitumika nje ya masharti."

"Hiyo nimeisikia. Kala, hakula?"

"Taarifa haisemi."

Marehemu akaketi. Ah! Neno moja tu, "hakula," lingemtoka na mbingu zisingeanguka. Kitindamimba alikuwepo, aliliona lile neno limefika mdomoni kwa dada yake likarudishwa. Kaka Mkubwa alikuwa amesimama kando ya gari. Aliichukua nakala ya taarifa, akaisoma yote pale pale taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kisha akamrudishia.

"Kila senti imo humu," alisema. "Mimi simo."

Gazeti likaandika kwamba mkurugenzi ametumia pesa za gari la wagonjwa. Kaka akajiuzulu. Mfadhili wa gari la pili akajitoa, na yule wa mafuta naye akaingiwa na hofu. Wateja wa gereji yake wakapungua, maana mtaani walisema, "Nani ampe gari mtu aliyekula gari?" Watoto wa Kaka waliulizwa shuleni tairi lina ladha gani. Watu wana maneno!

Gari lenyewe lilisimama kuanzia Mei hadi Septemba 2012. Katika miezi hiyo marehemu aliwachukua wagonjwa kwa gari lake dogo, ambalo mlango wa nyuma ulifungwa kwa waya, akiwafikisha hospitali alfajiri kabla ya kwenda kazini. Fundi mwashi alikaa mbele, magoti kwenye kioo, akilalamika kuwa anasafirishwa kama kiti kilichokunjwa. Lakini gari dogo halikutosha watu wote. Mama mmoja mfuma mikeka, aliyekaa mbali zaidi, alikosa kusafishwa damu mara kadhaa, na mwezi Agosti tukamzika. Marehemu alihudhuria maziko yale akasimama nyuma kabisa. Hakuwahi kusema kuwa ni kosa lake, wala hakuwahi kusema si kosa lake. Mungu ndiye ajuaye.

Tangu hapo hakutulia tena. Ule wepesi wake wa zamani ulikuwa wa furaha, na huu mpya haukuwa. Alihamisha samani kila mwezi hadi fundi saa akazoea kupapasa ukuta kabla ya kuketi nyumbani kwake mwenyewe. Alianza sentensi akaziacha njiani. Alifika kwa kitindamimba bila taarifa, akachambua maharage ambayo yalikwishachambuliwa, akasema, "Hesabu zilikuwa sahihi." Kitindamimba akajibu, "Ndiyo, Dada." Akasema, "Sasa mbona zimemwonea?" Maharage yakarudiwa mara ya tatu.

Na Kaka? Walisalimiana. Katika arusi na misiba ya familia walipeana mkono kama watu wawili waliokutana kwenye foleni. Marehemu aliwahi kwenda kwake kumwomba radhi, Kaka akamkaribisha vizuri, akamwandalia kiti, akamwambia, "Ulinisema uwanjani. Hapa sebuleni hakuna aliyenisikia nikisemwa." Marehemu alirudi akiwa ameshika viatu mkononi, amesahau kuvivaa.

Mwaka 2014 chama cha wahasibu kiliunda kamati ya kuandaa mwongozo mpya wa taarifa za fedha kwa mashirika madogo ya hisani, na marehemu akateuliwa mjumbe. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa tisini. Alimsomea mumewe mezani kwake, na kwenye ukurasa wa tatu lenzi ikamdondoka fundi saa jichoni. Kesho yake alirudi kwenye kamati akadai kurasa kumi na mbili. Lakini kurasa hazikuwa ugomvi wake. Ugomvi wake ulikuwa kifungu kimoja: kwamba kazi iliyofanywa bure, mshahara ulioachwa na kitu kilichotolewa bila malipo vitajwe kwa maneno ya kawaida, ukurasa ule ule zinapotajwa fedha, ili msomaji aone pamoja kilichotumika na kile ambacho mtu alijinyima.

"Huwezi kupima wema," mwenyekiti alimwambia.

"Sijasema muupime. Nimesema muutaje."

"Utaleta udanganyifu. Kila mtu atajiandikia sifa."

"Basi sifa zikaguliwe, kama tunavyokagua mafuta!"

Walimkatalia mwaka wa kwanza, wakamkatalia wa pili, na miaka mingine walikiahirisha kwa sababu ya chai. Mwenyekiti mmoja alistaafu, mwingine alihamia kazi nyingine, yeye akabaki na kifungu chake, ukingoni mwa kiti, mguu mmoja mbele. Wenzake wengi hawakujua kwa nini anakazania maneno machache namna ile. Wengine walidhani ni ubishi wa uzee. Mwongozo ulipitishwa tarehe 2 Novemba 2023, kifungu kikiwemo. Wenzake walipiga makofi. Yeye aliomba nakala, akaitia kwenye mkoba, akauliza kama lifti inafanya kazi, kwa sababu wakati huo ngazi zilikuwa zimemshinda.

Ndiyo, alikuwa mgonjwa. Figo zilimgeuka mwaka 2021, kama zilivyomgeuka baba, na mwezi Januari 2022 alianza kusafishwa damu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Alimwambia daktari kuwa saa nne za kulala kwenye mashine ni nyingi mno, akauliza kama haiwezekani afanyiwe haraka. Daktari alidhani anatania.

Aliyempeleka alikuwa Kaka Mkubwa. Shirika la Gari lilikwisha kuinuka tena chini ya uongozi mwingine, na Kaka alirudi mwaka 2015 kama dereva wa kujitolea tu, bila cheo na bila ofisi. Asubuhi ya kwanza gari lilipofika mlangoni, alishuka, akamfungulia mdogo wake mlango, akamshika mkono kumpandisha, akasema, "Funga mkanda." Kwa miaka miwili hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Marehemu alikaa kiti cha nyuma ya dereva, akaitazama ile shingo ikizeeka. Fundi mwashi, ambaye yuko hai mpaka leo na tunamshukuru kwa kuja, alijaribu kuwachokoza: "Nyinyi wawili, redio imeharibika au mmeizima?" Kaka akabadilisha gia.

Tarehe 17 Februari mwaka huu Shirika la Gari lilisoma taarifa yake ya kwanza kwa mwongozo mpya, uwanja ule ule. Marehemu hakuwa na cheo tena pale, alikuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Lakini alikuwa amemwomba mweka hazina wa sasa, mama mfamasia, ampe nafasi ya kusoma nyongeza. Mfamasia alimwambia ukweli: kanuni za hesabu zina njia ya kusahihisha makosa ya miaka iliyotangulia, ila hili kwa sheria ya wakati ule halikuwa kosa, na mwaka 2011 uko mbali mno. Marehemu akajibu, "Najua. Nimezifundisha hizo kanuni miaka thelathini. Leo nazivunja." Kama kuna mhasibu hapa anayetaka kulalamika, amefika amechelewa.

Alisimama akishikilia bega la mumewe. Alisoma hivi, nasi tunanukuu neno kwa neno:

"Marekebisho ya taarifa ya mwaka 2011. Mkurugenzi wa wakati ule hakupokea mshahara kwa mwaka mzima, ingawa ulikuwa haki yake. Aliuacha uende kwenye mafuta ya gari. Siku ambazo dereva alipumzika, aliendesha yeye. Fedha zilizotumika nje ya masharti zilitumika zote kuwapeleka wagonjwa hospitali. Mtu mmoja aliuliza hapa kama mkurugenzi alikula. Hakula. Taarifa iliyosomwa hapa haikusema hivyo, na aliyeiandaa alikuwa anajua. Ndiye huyu anayesoma."

Hata mdomo wa fundi mwashi ulipata breki. Kaka Mkubwa alikuwa amesimama kando ya gari, kofia mkononi. Kabla marehemu hajaketi, Kaka aligeuka, akazunguka upande wa pili wa gari, asionekane.

"Amekwenda wapi?" marehemu aliuliza.

"Nyuma ya gari," alijibu mumewe.

"Kufanya nini?"

"Sijui, mke wangu."

"Nenda kaangalie."

"Mwache."

Walipoondoka, Kaka alimfungulia mlango, akampandisha. "Funga mkanda," akasema. Basi.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwake kuliko mashine. Alimpigia simu kitindamimba kila jioni. "Amesema nini?" Hajasema. "Hajakwambia chochote?" Hajaniambia, Dada. "Uso wake ulikuwaje?" Uso wake ulikuwa uso wake. "Unajua kuudhi, wewe!" Kisha akakata, kisha akapiga tena. Mara aliona amekosea kuyatangaza bila kumwomba Kaka ruhusa. Mara alisema afadhali akatae kuliko kunyamaza. Mara alitaka ahamishiwe zamu ya gari, mara hapana, asihamishwe. Jumanne ya tarehe 5 Machi, akishuka garini, alisimama chini huku ameshika mlango, akafungua kinywa, akakifunga, akaingia ndani. Kaka aliona. Aliondoa gari.

Marehemu aliaga dunia kesho yake, Jumatano tarehe 6 Machi 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, moyo ukisimama ghafla, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa amemaliza kunywa chai. Fundi saa anasema alikuwa ameegemea kiti, na hapo ndipo alipojua.

Juzi familia ilikaa kuupitia wasifu huu. Kitindamimba alikuwa ameuandika bila gari, bila taarifa, bila uwanja, kwa sababu hakutaka kumtonesha kaka yake kidonda mbele za watu. Wakubwa walikubali. Shangazi alisema msiba si mkutano wa mwaka. Kaka Mkubwa alikuwa ameketi karibu na mlango. Akasema, "Rudisheni."

"Turudishe nini, Kaka?"

"Yote. Alinisema hadharani, na hadharani ndipo aliponirudisha. Msimfute." Akavua kofia, akaigeuza mikononi. "Na muandike na langu. Siku ile nilikwenda nyuma ya gari kulia. Mtu mzima mimi, nililia mpaka nikashika tairi. Nilitaka kumwambia, lakini kila nikimtazama kwenye kioo, narudisha macho barabarani. Nikasema nitamwambia Alhamisi. Nilikwisha kuyapanga maneno." Akaiweka kofia magotini. "Alhamisi nimeamka mapema, nimeosha gari, ndipo nikakumbuka kuwa hayupo."

Basi tunalisoma neno lake hapa, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, kama alivyotaka mwenyewe. Dada, kaka yako alikusikia. Alikusamehe siku ile ile, uwanjani, kabla hujaketi.

Marehemu ameacha mume, fundi saa, binti na mwana, wajukuu watatu, mdogo wake, kitindamimba, wagonjwa wa Shirika la Gari, ambao wengi wamekuja hapa na kesho alfajiri wana zamu ya mashine, na kaka mmoja, ambaye mbele yenu nyote anasema hamdai kitu.

Apumzike kwa amani. Taarifa hii imechelewa kumfikia, lakini imefika.